Jina la Baba Kwenye Sarafu za Mama

Kakangu alinipigia simu saa ya chakula cha mchana, nikiwa chumba cha walimu na sahani ya githeri magotini, akasema zile sarafu inabidi zihame. Hakuuliza mama yu hali gani. Hakuuliza kama mvua imenyesha. Ati zihame! Ungedhani anazungumzia wapangaji.

Yeye anaishi ng'ambo. Ndiye kifungua mimba wa mama, na mimi ndimi ninayemfuata, mwalimu wa shule ya msingi hapa Nyamira. Sarafu zenyewe ziko nyumbani Manga, kwenye kabati la mama, kumi na mbili, kila moja imefungiwa ndani ya kikasha cha plastiki ngumu kisichofunguka bila kuvunjwa. Alizichukua mwaka aliokuja kumzika baba, akazipeleka kwa kampuni ya huko inayokagua sarafu za zamani na kuzipa alama, kisha akazirudisha Krismasi moja zikiwa hivyo, na lebo juu. Alama ya juu kabisa ni sabini. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote na sijaona mtihani unaoishia sabini, lakini haya, basi.

Sasa anasema vikasha vile havina soko tena. Wanunuzi wanataka vya kampuni nyingine. Kwa hiyo nimtafutie msafiri mwaminifu ampelekee, yeye atavivunja, sarafu zipelekwe kwa hao wengine zikaguliwe upya na kufungwa upya.

"Nani kakwambia zinauzwa?" nikamuuliza.

"Hata kama haziuzwi, dada. Kitu kikae kwa thamani yake. Ni ukumbusho wa mzee."

Wa mzee! Nikaiweka sahani chini. Nikamwambia nitamjibu baadaye, nikakata simu kabla sijasema neno la kunifukuzisha kazi mbele ya walimu wenzangu.

Niseme wazi kilichokuwa kinanichoma. Kwenye kila lebo, chini ya alama, kakangu alikuwa amelipia yaandikwe maneno: Mkusanyo wa, halafu majina ya baba yetu, yote matatu, kwa herufi kubwa. Na baba hakukusanya hata moja. Zilikuwa senti kumi za wakati wa mkoloni, zile za shaba zenye tundu katikati. Mama alizipata akiwa msichana, akibeba ndizi kichwani kwenda soko la Kebirigo. Nchi ilipopata pesa zake, zile za zamani zikaachwa, watu wakawapa watoto wachezee. Mama hakuzitupa zake. Alizitunga kwenye kamba ya mkonge, wanawake wenzake wakampa na zao, akaja nazo kwenye ndoa na kuzitundika kwenye msumari karibu na meko. Baba alikuwa akizipita na kucheka. Alimwita mama mlinzi wa takataka mbele ya wageni, na wageni wakacheka naye. Leo hii ndiye mwenye mkusanyo. Lo! Mtu huyohuyo!

Na si sarafu tu. Shamba lilikuwa kwa jina la baba. Ng'ombe walikuwa wa baba. Majani chai mama aliyachuma yeye, kikapu mgongoni, akapanga foleni kwenye kituo cha kununulia majani huku mimi nikiwa nimefungwa kifuani, lakini kadi aliyopeleka ilikuwa na jina la baba, na bonasi ya chai ya mwaka ilipotoka baba alinyoa ndevu akaenda mjini peke yake. Mimi nilikuwa nikiyaona haya nikiwa mdogo na kudhani ndivyo dunia ilivyo. Kamba ile kwenye msumari ndicho kitu pekee pale nyumbani ambacho hakikuwa na jina la baba. Kakangu kalibandika na hapo.

Hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe. Siku aliyozileta, mama alichukua kikasha kimoja, akakigeuzageuza, akakitikisa sikioni. "Zilikuwa na mlio," akasema. Kisha akaniuliza mimi, mwalimu, kwa sababu yeye hajui kusoma: "Wameandika nini hapa?" Kaka alikuwa amekaa palepale, anatabasamu. Nikasema, "Wameandika kwamba ni za hapa nyumbani." Mama akaitikia kwa kichwa na kukirudisha kabatini. Nilimdanganya mama yangu machoni kwa kuwa sikutaka kuharibu Krismasi.

Basi likizo fupi ilipofika nilichapisha, kwenye duka la intaneti, nakala za fomu alizonitumia kaka, za kampuni ya kwanza na za hiyo nyingine, nikaenda Kisii mjini kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa. Babu yake ndiye aliyelifungua. Chini ya kioo cha kaunta ana sarafu za zamani zilizopangwa kwa miaka, na akikusalimu kwa Kigusii utadhani alizaliwa Manga. Nilikuwa nimebeba kikasha kimoja nilichokitoa kabatini kwa mama. Akaweka lenzi jichoni, akakiangalia polepole.

"Nzuri hii," akasema. "Nani alihifadhi?"

"Mama yangu."

Akasoma lebo, akanitazama. Nikamweleza kaka anachotaka.

"Mwalimu, njia ni mbili," akasema. "Ukienda kampuni nyingine, hii inavunjwa, sarafu inakaguliwa kama haijawahi kukaguliwa. Alama inaweza kupanda, inaweza kushuka. Ikishuka usilie kwangu. Njia ya pili, inarudi kwa hao hao, wanaitia kwenye kikasha kipya, alama haiguswi. Na lebo wanachapisha nyingine."

"Lebo wanachapisha nyingine?"

"Wanaandika unachotaka. Hapa." Akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa fomu ya kampuni ya kwanza.

Nilihisi nataka kumkumbatia. Kumbe dawa ipo! Kumbe kakangu alikuwa na fomu yenye dawa mkononi na hakuiona, au aliiona akajitia hamnazo. Nikaomba kalamu palepale. Sikutaka kungoja hata dakika. Nikaandika Mkusanyo wa Mama, na mkono ukaendelea mbele wenyewe, ukaandika jina la kakangu.

Ebo! Niliitazama ile karatasi kama si mimi niliyeiandika. Lakini ndivyo anavyoitwa. Kanisani, sokoni, kwa daktari, mama yetu ni mama wa fulani, na fulani ni huyo kifungua mimba. Nimepigania basi la kwanza asubuhi ili nimtoe kwenye jina la mume, nikamtumbukiza kwenye jina la mwana! Mzee aliona nikiyakata maneno yale kwa mistari, kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

"Andika jina lake tu," akasema kwa upole.

Jina lake lipi? La kitambulisho ni lile alilobatizwa akiwa tayari ameolewa, likafuatwa na la baba. Shangazi zangu walimwita kwa ukoo alikotoka, yaani binti wa watu wale. Mimi namwita mama. Nikasimama mbele ya mzee yule, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye shahada, ninayewachapa watoto wa watu maswali ya historia, na sikujua niandike jina lipi. Nikairudisha kalamu kwenye kaunta. Akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia sitaki maji, nikaomba radhi, nikaondoka, bodaboda mpaka Manga kwa mama.

Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga ya saga, vijiti upande huu, majani upande ule. Nilikuwa nimejiandaa kuzunguka na kubembeleza, lakini mdomo wangu haujui kuzunguka. Nikamwekea kikasha mapajani.

"Mama, nilikudanganya. Hapa hawakuandika kwamba ni za nyumbani. Wameandika jina la baba."

Hakuacha kuchambua. "Najua," akasema.

"Unajua? Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Sijui kusoma, lakini jina hilo nimelibeba kwenye kadi ya majani miaka arobaini. Lile la kwanza linaanza na kitu kama jembe lililosimama. La mwisho lina mviringo kati. Mwenye mizani alikuwa akiita, mimi naangalia kadi, naona ndilo, naitikia. Ulidhani litanipotea likiwekwa kwenye plastiki?"

Miaka minne! Krismasi nne amekaa na jambo hilo kabatini, anafungua kuchukua sukari, analiona, anafunga.

"Na mbona ulinyamaza?"

Hapo akaniangalia. "Kaka yako alinyamaza. Na wewe ulinyamaza, ukaongeza na uongo juu. Mimi niseme nini?"

Alisema vile bila kupaza sauti, na ingekuwa nafuu angenizaba kofi. Nilitaka kukasirika, ndiyo kazi ninayoijua, lakini safari hii hasira haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Nikachukua kigoda, nikaketi, nikaanza kuchambua naye. Baadaye nikamweleza njia mbili za mzee wa vitambaa, ya kuvunja na ya kutovunja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wasivunje," akasema. "Wabadilishe hiyo karatasi tu. Na kamba yangu iko wapi?"

"Kamba gani?"

"Ya mkonge. Kaka yako aliikata. Alisema ataniletea."

Sikujua kwamba aliikata. Nikaiongeza kwenye orodha ya mambo nitakayomwambia kakangu, orodha iliyokuwa tayari ndefu.

Kisha nikatoa nakala ya pili ya fomu ile na kalamu, nikamuuliza, kwa aibu ambayo sijawahi kuiona tena, mama yake mzazi alikuwa akimwita nani.

Akacheka kidogo. Akasema hajalisikia likiitwa tangu bibi yetu azikwe. Akalitaja. Lilikuwa fupi, jina la bibi wa bibi yake, na nilikuwa sijawahi kulisikia hata mara moja. Nikamwomba alirudie nisije nikakosea. Akalirudia mara tatu, na mara ya tatu alilitaja kwa sauti, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Nikaliandika kwenye mstari ule, peke yake, bila mume, bila mwana. Sitaliandika hapa. Lina mahali pake sasa.

Nikaipiga picha fomu, nikamtumia kakangu, maana akaunti ya kampuni ni yake na lazima akubali yeye. Huko kwao kulikuwa kumekucha. Simu ikalia kabla mboga haijaingia chunguni.

"Dada, umekosea," akasema. "Kwanza nilikwambia kampuni nyingine. Halafu hili jina ni la nani? Huyu ni nani?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilikuwa na kadi ya majani, na bonasi, na kamba ya mkonge, na mlinzi wa takataka, na nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuyamwaga yote. Lakini saa chache tu nyuma, pale kwenye kaunta ya vitambaa, na mimi nisingeweza kulijibu swali hilo.

Nikamnyooshea mama simu.

"Ni mwanao," nikamwambia. "Anauliza wewe ni nani."

Mama akafuta mikono kwenye leso, akaishika simu, akamtajia jina lake.