Mama Mkwe na Pedali ya Mafuta

Mama mmoja, fundi cherehani, alijifunza kuendesha gari akiwa tayari na wajukuu, na aliliendesha kama anayebembeleza mtoto alale. Wapita njia walimsalimia, wakasubiri jibu, kisha wakampita. Mtaani wakambandika jina: Haraka.

Alikuwa na ugonjwa mmoja. Kila alichokipenda alikishonea nguo: redio, mtungi wa maji, mpaka mfuniko wa choo. Lilipokuja gari, likavikwa kuanzia viti hadi usukani.

Asubuhi moja, akipanda kilima cha sokoni, gari likaishiwa nguvu. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho, likaguna tu. Msukuma mkokoteni akampita. "Shikamoo, Haraka!"

"Marahaba, na ukome!"

Akampigia simu mkwewe, fundi magari, ambaye karakana yake haikuwa mbali. Mkwe akafika, akafungua boneti. Mdomo wa bomba la hewa ulikuwa umevishwa kitambaa kizito cha maua mekundu, cha tabaka mbili, kikabanwa kwa lastiki.

"Mama," akaanza, akichagua maneno, maana mama mkwe hakaripiwi, "hii kofia... ni ya nini?"

"Ya vumbi. Palikuwa wazi, nikaona aibu."

"Imependeza. Ila injini inapumulia hapo."

"Injini inakunywa mafuta, mwanangu. Ndiyo maana nakanyaga mafuta."

"Huo ni msemo tu, Mama. Mguu wako unafungua kilango cha hewa. Ukizidi kukanyaga, hewa inazidi kuingia. Gari linaipima, ndipo linapulizia petroli ya kulingana nayo. Sasa wewe ulifungua kilango cha ndani, na huku nje umeziba."

Mama akawaza kidogo. "Kwa hiyo siku ile ulipokuja kuposa, ukajisifu kwamba umekanyaga mafuta njia nzima, kumbe ulikanyaga upepo?"

Mkwe akainamia injini kana kwamba kuna kingine cha kutengeneza. Akaivua ile kofia kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Mama akawasha, akakanyaga. Gari likachomoka, akapiga yowe, kisha akacheka mpaka kileleni. Hakurudi nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja kwa dada yake, akapiga honi getini.

Dada akachungulia. "Dereva yuko wapi?"

"Panda!"

Dada akalizunguka gari, akasoma dua, akaketi kiti cha nyuma.