Chai Niliyoikataa Munigi

Mwaka wa kwanza baada ya kumaliza masomo ya saikolojia, nilipanga chumba cha mbao katika mtaa wa Katoyi, huku Kivu, peke yangu. Wazazi wangu walikuwa upande wa Rutshuru, ng'ambo ya mstari wa vita, na simu hazikuwa zikipita. Mchana nilisikiliza familia za watu. Jioni nilikaa kitandani nikirudia kila neno nililowaambia, nikitafuta lile lililoharibu mambo.

Familia iliyonikosesha usingizi zaidi iliishi Munigi, chini ya mlima wa volkano, katika nyumba iliyosimama juu ya mawe meusi, hatua chache kutoka pale moto wa mlima ulipoishia. Baba alikuwa dereva wa lori. Binti yao wa mwisho, wa miaka kumi na sita, alikuwa hajamsemesha baba yake tangu mlipuko wa mlima huo. Siku ile mama alimshika mkono wakakimbia kwa miguu, wakapita Mugunga hadi Sake. Baba alisema atawafuata. Hakuwafuata. Waliporudi walimkuta mzima, na nyumba nzima, na binti akampita mlangoni bila salamu.

Kimya kile hakikuonekana sana wakati baba alikuwa safarini siku nyingi. Halafu waasi wakafunga barabara, lori likasimama, naye akawa anashinda nyumbani. Mama alichoka kuwapelekea ujumbe watu waliokaa chumba kimoja. Akaamua binti apande boti Jumamosi aende kuishi Bukavu kwa mama mdogo wake, kama dokta atashindwa.

Dokta huyo ni mimi. Sikuwa daktari. Nilifikiria kumsahihisha, nikaona nitaonekana ninakwepa kazi, nikaacha. Kisha nikajilaumu kwa kuacha.

Nilikuwa nimefundishwa kuwaketisha wote kwa duara na kumwacha kila mmoja aseme lake. Siku ya kwanza nilipomuuliza binti, mama alijibu. Nilipomuuliza baba, mama alijibu. Nilipomwomba mama aseme anachohisi yeye mwenyewe, alisema hana muda wa kuhisi, ana maharagwe motoni.

Siku ya pili nilikaa na binti peke yake nyuma ya nyumba, juu ya mawe. Alikuwa akikwangua jiwe kwa kijiti.

"Nikiongea naye, nitamuuliza juu ya nini alibakia. Na akiniambia alibakia juu ya mabati yake, basi sina papa tena. Heri ninyamaze."

Alitaka kujua kwa nini baba alibaki, na aliogopa kusikia kwamba ni kwa sababu ya mabati ya paa. Ilikuwa siri yake. Sikuweza kuipeleka kwa baba, wala sikujua baba angejibu nini. Nilirudi nayo Katoyi na hapakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba nimechoka.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimeandika daftarini maswali tisa, kwa mpangilio. Kabla sijafungua daftari, mama akaniwekea kikombe cha chai ya tangawizi.

"Kunywa, mutoto wangu."

Mwalimu wetu alikuwa ametuonya tusipokee chakula kwa watu tunaowahudumia. Nikasema, "Asante mama, sitakunywa."

Nilipoona uso wake ndipo nilipoelewa. Kwetu Kivu, mgeni akikataa kinywaji bila sababu, amesema kwamba anaogopa sumu. Hata soda hufunguliwa mbele ya macho yako. Nilikulia ndani ya desturi hiyo, na kwa sentensi moja ya mwalimu nikaisahau.

"Mama," baba akasema polepole, "dokta anaogopa chai yako. Namuelewa. Tangu tuoane inaniumizaka tumbo."

"Na kila siku unaikunywaka. Kunywa na hii basi, tuone kama utakufa."

Alikuwa anatania, lakini sauti yake haikutania. Nilianza kueleza habari za mwalimu, nikachanganya maneno. Baba akanyoosha mkono, akachukua kikombe changu na kupiga funda kubwa mbele yangu ili nione. Chai ilikuwa imetoka motoni sasa hivi. Machozi yakamtoka, akakohoa hadi akainama.

"Papa, iko moto," binti akasema.

Mama akasimama na birika mkononi. Baba aliacha kukohoa. Mimi niliacha daftari limefungwa, na sitaki kudai kwamba ulikuwa ujuzi. Niliogopa kuharibu jambo la pili.

Binti alikuwa ameanza, akaona hawezi tena kurudi. "Juu ya nini ulibakia?"

Baba alitazama sakafu. "Niliambia watu ni juu ya wezi."

"Najua uliwaambia nini."

"Haikuwa wezi. Nilifunga mulango nikuje. Halafu nikaikala chini. Moto wa zamani nilikimbia, vita zote nilikimbia. Siku ile magulu ilikataa kutembea. Niliikala pale tu, nikasema kama moto inakuya, ikuye."

"Uliogopa?"

"Niliogopa sana."

Binti alimgeukia. "Ungesema," akasema. Kisha akavuta kigoda chake karibu naye na kumuuliza kama moto ulisikika, kama kulikuwa na mwanga, kama alikula. Baba alijibu kila swali. Mama alikaa chini, na kwa mara ya kwanza hakumjibia mtu. Baadaye kidogo alisema, bila kumwelekea yeyote, kwamba atamwambia mdogo wake asisubiri boti ya Jumamosi.

Niliaga. Sidhani walinisikia.

Kwetu mgeni husindikizwa, angalau hadi barabarani. Nilisimama kando ya ua dakika kama tano, nikijifanya ninafunga kamba za viatu, iwapo mmoja wao angekumbuka. Ndani sauti ya binti iliendelea kuuliza. Nilijua hiyo ndiyo kazi niliyotumwa kuifanya. Nikasubiri tena kidogo, kisha nikateremka peke yangu kutafuta pikipiki.