Kamba ya Mama Mukwe

Asubuhi ya mwisho ambayo sote wawili tulikuwa wazima, nilimupelekea mke wangu Colette uji pale pwani. Alikuwa anasugua tumbo la mutumbwi, mashini inalia. Nilizunguka, nikasimama mbele yake, mahali anaweza kuniona. Hapana kumugusa mugongo, hapana kumuita. Mutu akishituka na mashini mukononi, mashini njo inachagua pa kwenda. Ile ilikuwa sheria yake ya kwanza.

Aliniona. Akaachilia kifungo, akangoja disiki inayozunguka isimame kabisa, akachomoa pulagi, njo akaiweka chini. Akatoa miwani, akashusha kitambaa cha puani. Vumbi nyekundu ya mbao ya mulombwa ilimujaa uso, macho tu yalikuwa safi.

"Uji hauna sukari," alisema.

"Sukari ilikwisha jana."

"Na wewe ukasema: bibi ana njaa, hatajua."

Akacheka, akamaliza kikombe. Nikarudi kwa nyavu zangu.

Kesho yake homa ikamushika. Hakurudi pwani tena. Ilikuwa mwaka 1999, mvua zinaanza. Binti yetu Jessica alitoka Kitwe akazika mama yake, kisha akarudi kwa bwana yake. Mimi nikabaki na nyumba. Siku zingine nasikia jenereta na mashini ya mutu pwani. Nainuka, naenda, nazunguka mpaka mbele. Naona sura ya mutu mwingine. Narudi.

Colette alizaliwa Kilwa, ngambo ya ziwa, upande wa Kongo. Baba yake, mzee Zéphirin, alikuwa fundi wa mbao. Siku moja mzee alivaa glavu ya kitambaa, akisema italinda mukono. Disiki ikakamata uzi wa glavu, ikavuta glavu, glavu ikavuta mukono. Vidole vitatu vikabaki ndani ya glavu. Colette alikuwa musichana bado. Yeye njo aliiokota.

Mutu mwingine angeogopa mashini maisha yake yote. Yeye alijifunza. Nilipomuoa alikuja huku kwetu Nchelenge na sufuria zake na mashini mbili, moja ya kukata, moja ya kusugua. Kabla ya kazi alitoa pete na bangili. Nywele ndani ya kofia. Kitenge alikiacha nyumbani, akavaa suruali yangu ya zamani, na watu waseme wanachosema. Disiki mupya aliiinua juani kama mutu anayenunua yai. Akiona ufa, anatupa. Waya wa umeme aliupitisha juu ya bega, ubaki nyuma yake. Kile kifuniko cha chuma cha disiki, wengine wanakitoa ili wafike kwenye kona za mutumbwi. Yeye hapana. Kona alizimaliza kwa mukono, na papie ya kusugulia, ile musasa, polepole.

Mwaka 1997, mwezi wa pili, mama yake akafa kule Kilwa.

Kwa ukoo wao mabinti wanafungwa kamba ya kilio mukononi. Inapasuliwa kwenye kitenge cha marehemu. Inabaki pale mpaka dada mukubwa aikate, Pasaka ikipita. Haiwekwi ndani ya sanduku, haitundikwi kwenye musumari. Inakaa kwenye mukono wa mutu. Mwenye kuikata mbele ya saa yake, ukoo haumujui tena.

Colette alirudi na ile kamba, ncha zake mbili zinaning'inia. Akafunika mashini na gunia.

Ziwa lilikuwa limefungwa, kama kila mwaka, samaki wazae. Mwezi wa tatu lingefunguliwa. Na mutumbwi wa Davison, muvuvi mwenzangu, ulikuwa mbele ya nyumba yetu, mbavu wazi, mbao hazijakatwa. Hakuwa na mwingine.

"Mama Jessica," alisema, "siku ya kufungua ziwa, miye nitapanda nini? Mulango wa nyumba?"

"Niko na kilio."

"Kilio ni cha macho. Mikono iko muzima. Ingiza kamba ndani ya shati."

"Shati nayo inavutwa."

"Vaa glavu, basi!"

Colette akamuonyesha ncha za kamba. "Davison, disiki haijui mutu mwenye kilio. Inajua uzi tu."

"Kata kamba, basi. Mama yako haoni."

Akainuka, akaingia ndani. Nilimukuta amekaa chini, mukono wenye kamba uko kwenye mapaja.

"Nikiikata, sina kwetu," alisema. "Nikiwasha mashini nayo, sina mukono. Na Davison ana watoto."

"Nipe, niivae mimi."

Akaniangalia kama vile nimevua nguo. Kwetu mukwe hamuangalii mama mukwe usoni. Yule mama sikula mbele yake hata siku moja. Akija njiani, mimi niliingia majanini mpaka apite. Sasa nivae kitenge chake? Lakini neno lilikuwa limetoka.

Tukapanda boti ya wachuuzi, tukavuka. Dada yake mukubwa, Vicky, alitupokea vizuri mpaka aliposikia shida yetu.

"Shemeki, umekunywa? Mwanaume, tena mukwe, avae kamba ya mama?"

"Sikunywa."

"Bon, sikiliza. Colette aache hii kazi ya wanaume. Akamate musumeno wa mukono."

"Na musumeno wa mukono ule mutumbwi hautamalizika," Colette alisema. "Ziwa litafunguliwa, na ule mutu atabaki pwani."

"Basi kata kamba, na usikanyage tena hapa!"

Mzee Zéphirin alikuwa kwenye kiti chake, shati wazi mpaka tumboni. Akasema polepole, "Vicky, kuja unifunge vifungo. Mama yenu njo alikuwa ananifunga kila asubuhi. Tangu aende, baridi inaniingia."

Vicky akapiga magoti. Akafunga kifungo kimoja, akafunga kingine. Ule mukono wa vidole viwili ulikuwa kwenye goti la mzee, karibu na uso wake. Hakufika kifungo cha juu. Alilia. Kisha akamufungua Colette ile kamba, akanigeukia.

"Shemeki, leta mukono."

Tuliporudi, pwani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Davison mwenyewe alianza: "Ee, sasa wewe ni binti ya mama mukwe! Tukutafutie bwana?"

"Mutafute mwenye mutumbwi," nikamujibu.

Colette akatoa gunia. Mimi, kwa sababu ya kamba, akanikataza kusogea karibu na mashini. Nikakaa mbali juani na nyavu zangu, nikimuangalia. Zamani nilishika ubao upande mwingine. Sasa alishika Davison, mikono ya shati imekunjwa juu ya viwiko, kofia yangu kichwani, na hakuwa anacheka tena. Ziwa likafunguliwa. Davison akawa majini na wenzake.

Pasaka ikapita. Vicky akavuka na mukasi. Tulikaa watatu mbele ya nyumba, nikanyoosha mukono, akakata. Kamba ilikuwa nyeusi kwa lami ya nyavu zangu. Akaigeuza-geuza.

"Colette," alisema, "mama atasema ni mukwe njo alimulilia. Weye ulitoa kilio chako ukampa mutu."

Bibi yangu alikuwa ananawa vumbi. Hakukasirika. Aliinua mikono kwenye beseni, maji yanadondoka, akasema hivi:

"Mama alinizala na mikono mbili, dada. Siku nitamukuta, nitamupa zote mbili, ahesabu vidole yeye mwenyewe."