Ndege Waliomnyamazia Mkewe

Mtaani walimwita Unga, kwa sababu kila asubuhi alirudi kutoka kwenye tanuri la mikate nyusi zikiwa nyeupe pe. Kazi yake ilikuwa ya usiku na usingizi wake wa mchana. Na mchana ulikuwa wa wale ndege.

Walikuwa kasuku wadogo wanne, wa kijani na wa buluu, kila mmoja hazidi ngumi ya mtoto. Mkewe aliwanunua alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, ambako alikuwa amesimama nusu ya umri wake katikati ya mashine za kufuma. Watoto walishaoa na kuolewa, nyumba ikawa imepwaya. Akatundika tundu sebuleni, ukutani pale pale ambapo kwa upande wa pili kulikuwa na kitanda cha mumewe.

Na kelele zao sasa! Jua likichomoza tu, wanaanza. Wanazozana, wanagongagonga nyaya kwa midomo, na anayetaka kunyamaza anachokozwa na wenzake. Unga alijaribu pamba masikioni, akajaribu mto juu ya kichwa, mwisho akajaribu ukali.

"Mama watoto, hawa ni ndege au ni wake wenza?"

"Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi," mkewe alimjibu, huku akipuliza makapi ya ulezi kwenye kibakuli chao.

"Aliyesema hivyo mlango wake haukuwa na mabawa."

Wakacheka. Siku hizo bado walikuwa wakicheka.

Asubuhi moja alimkuta mkewe ameegemeza paji la uso kwenye tundu, macho mekundu.

"Wanaumwa, mzee. Tangu juzi hawalii. Wananikodolea macho tu."

Unga alisimama na mkate wake kwapani, akawatazama ndege. Walikuwa wakipiga mayowe hadi masikio yanamvuma. Alidhani ni mzaha, akangoja tabasamu. Halikuja. Ndipo yakamrudia mambo: redio inayofunguliwa hadi mwisho, mlango unaogongwa bila kufunguliwa, na zile mara alizomwita asiitike, naye akadhani amenuna.

Angemwambia pale pale. Hakuweza. "Tuwapeleke kwa daktari wa mifugo," akasema.

Daktari, binti mpole, aliwakunjua mabawa mmoja mmoja, akawachungulia macho. Chumba kizima kilijaa makelele yao.

"Mama, ndege wazima hawa. Wangekuwa wagonjwa wasingepiga kelele namna hii."

"Kelele gani?"

Binti akamtazama Unga. Unga akatazama sakafu. Mkewe akamgeukia taratibu.

"Ulijua?"

"Nimejua leo asubuhi."

"Ukaniacha nije niumbuke mbele ya watu."

Njia nzima alipakata tundu mwenyewe. Hospitali waliambiwa kuwa mashine za kiwandani ndizo zilizoyala masikio: sauti nyembamba hutangulia kuondoka, nyingine hufuata. Kifaa cha kusikia alichopewa kilimletea mngurumo mtupu, akakitia kwenye droo.

Siku chache baadaye akasema, "Hawa ndege wape watu."

"Kwa nini tena? Nimeshawazoea."

"Umewazoea wewe. Mimi naona midomo inafunguka na kufungika, kama watu wananisengenya mbele yangu."

Unga, aliyewahi kumwomba Mungu amletee paka, alibembeleza mpaka akachoka. Mkewe hakutikisika. Fundi viatu wa nyumba ya pili akaja kuwachukua, akashukuru sana. Alisema mke wake huko nyumbani atafurahi.

Nyumba zenyewe zilishikana ukuta. Unga akawa anawasikia kwa mbali, na usingizi ukawa haumjii vizuri, wala hakujua kama ni kwa sababu ya kelele au ya kitu kingine. Alasiri moja aliamka, akamkuta mkewe anafagia sebule. Mkewe akainua kidevu kuonyesha kwa jirani.

"Wanalia?"

Unga alifikiria kusema uongo. Akaitikia kwa kichwa.

"Sana?"

"Sana."

Mkewe aliisoma midomo yake, akauegemea ufagio.

"Basi rudi ukalale, mzee," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, akaendelea kufagia.