Damu Yetu ya O

Shule niliiacha darasa la nne, nikaanza kubeba magunia sokoni Sumbawanga. Leo nina mashine mbili za kukoboa pale Malangali na lori langu mwenyewe, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo ujue nilivyozoea kujiamini, maana huko kujiamini ndiko kulikoniponza.

Siku moja nilichangia damu, nikapewa kadi yenye kundi langu: O. Daktari aliyekuwa pale akaniambia watu wa O malaria kali huwapata kwa nadra kidogo kuliko wengine. Nikalibeba neno lile, ile "kidogo" nikaiacha palepale. Sisi Wafipa wa juu, wa kwenye baridi, tukishuka ziwani tunaogopa mbu kuliko kitu chochote. Mimi nilishuka Wampembe, kule ziwani, miaka nenda rudi, nalala bila neti, narudi mzima. Nikampeleka na mdogo wangu akapimwe. Naye O. Tangu hapo nikawa nawatambia watu sokoni, "Kwetu magonjwa yanapita mlangoni, hayaingii."

Mdogo wangu alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto, na ndiye aliyesimamia mizigo ya lori. Safari ile tulishuka na unga na maharage, turudi na samaki wakavu. Tukamkuta bwana afya anazunguka na kipaza sauti: kipindupindu kimeingia, chemsheni maji. Mama anayetuuzia samaki alikuwa ametoka kuepua sufuria ya maji. Mdogo wangu kashusha magunia juani, koo limemkauka. Nikachota kikombe kwenye ndoo ya maji ya ziwani.

"Kunywa."

"Kaka, ngoja ya mama yapoe. Wenyeji wenyewe wanachemsha."

"Hao wenyeji umewapima damu? Wewe ni O. Acha woga."

Yule mama akacheka. "Nyie wa juu mna mambo. Mbu mnamkimbia, mavi mnakunywa."

Watu wakacheka, na mdogo wangu akacheka nao. Akanywa vikombe viwili. Hakuwahi kunikatalia neno tangu utoto.

Mimi mkononi nilikuwa na soda. Safari ile nimeisimulia mara nyingi, soda hiyo sijawahi kuitaja.

Kesho yake asubuhi akaanza kuharisha, maji meupe kama ya kuoshea mchele. Nikasema ni mafuta ya migebuka, samaki tuliokula jana. Mama wa samaki akaja kumtazama.

"Baba, mpeleke zahanati. Hilo si tumbo la samaki."

"Damu yetu naijua mimi," nikamjibu, nikarudi kupakia mzigo. Nilitaka nimalize kwanza.

Nilipomaliza, macho yalikuwa yamezama na sauti imekauka. "Kaka, miguu inakaza," akaniambia. Nikambeba mgongoni. Mimi niliyebeba magunia nusu ya umri wangu, sijawahi kubeba mzigo mwepesi kama ule. Zahanati walihangaika kuutafuta mshipa wa kumwekea dripu. Akafariki jua halijazama.

Nikamwambia nesi haiwezekani, sisi ni O. Akaacha kuandika.

"Nani alikuambia O ni kinga ya kila kitu? Kwa malaria kali, sawa, ina nafuu. Kipindupindu ni kinyume. Kikimpata mtu wa O, mara nyingi humwangusha vibaya zaidi." Akaishika tena kalamu. "Lakini baba, hata wa O akiwahi, anapona."

Hilo neno la mwisho ndilo ninaloamka nalo. Lawama ningeitupia damu, ningepumzika. Lakini asubuhi yote ile alikuwa wa kupona, na mimi nilikuwa napanga samaki.

Watu wa afya wakamzika kulekule. Nikapanda peke yangu hadi Mollo kwa mama yetu, aliyekuwa ameshaandaa mahali pa kaburi nyuma ya nyumba.

"Mwanangu alikula nini huko?" akaniuliza.

"Samaki, mama."

Hajagusa samaki mpaka leo. Nikienda kumtembelea ananipikia maharage, na mimi nakula, nasifia, naondoka. Mama hajui kusoma. Haya niliyoyaandika, pamoja na ile soda, itanibidi nimsomee mwenyewe.