Tofali la Mwezini na Ng'ombe wa Mjomba

Mwaka wa mwisho chuoni nilichagua kutengeneza tofali la kujengea nyumba mwezini. Huko saruji haipelekeki, ni mbali mno. Inabidi utumie udongo wa hukohuko na walicho nacho watakaoishi humo. Nilikuwa nimesoma kwamba mkojo wa binadamu una urea, ambayo hulainisha mchanganyiko usikauke haraka. Basi likizo nikarudi nyumbani Nyasho na dumu tupu la lita tano.

"Nani ajaze humo?" mama aliuliza.

"Sisi wote, mama. Ni utafiti."

Mama ni mzee wa kanisa. Alilitazama dumu, akanitazama mimi. "Majirani wakiuliza mikojo ni ya nini, niseme nini?"

"Ya kujengea nyumba mwezini."

"Toa hilo dumu ndani kwangu."

Nikapanda gari hadi Bunda kwa mjomba, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe kumi na mmoja. Asubuhi nzima nilimfuata jike mmoja mwekundu na ndoo. Nikisogea, anabana mkojo. Nikikata tamaa na kugeuka, anafungulia. Mara ya tatu niliwahi. Akaipiga ndoo teke, na kazi yangu yote ikaishia kwenye suruali.

Mjomba alikuwa kwenye kigoda, anachambua pamba.

"Huko mwezini ng'ombe wapo?"

"Hawapo, mjomba."

"Sasa huyu wangu unamsumbulia nini?"

"Natafuta urea."

Mkono wake ukasimama. "Urea? Si mbolea hiyo! Mimi nawekeaga mahindi kila mwaka." Akaingia stoo, akatoka na nusu mfuko.

Neno hilo nilikuwa nimeliandika daftarini mara zisizo na idadi, na mifuko yake nimeibeba kichwani tangu utotoni. Sikuwahi kuviunganisha viwili hivyo. Nilienda kufua suruali.

Nilichanganya mawe meusi yaliyosagwa badala ya udongo wa mwezini, majivu, kostiki ya kutengenezea sabuni na mbolea ya mjomba. Tofali likatoka gumu. Kwenye maonyesho ya sayansi Butiama, jaji mkuu, mama mmoja wa miwani, alilinyanyua akalikagua kwa karibu.

"Na huko mwezini, urea itatoka wapi?"

"Kwenye mikojo yao."

Akalirudisha mezani taratibu, akatoa leso.

"Hili ni la mbolea tu, mama!" nikawahi kusema.

Akaendelea kujifuta, kidole kwa kidole.

Nilishika nafasi ya pili. Kwenye picha ya washindi nimelikumbatia tofali langu, wenzangu wote wamesimama hatua mbili pembeni.