Watu wa Maziwa

Mwezi uliopita nilimzika mdogo wangu Kawangware. Nasema nilimzika, lakini waliomzika ni kanisa. Mimi nilipewa kiti nyuma ya kwaya, kama jirani aliyepita kutoa pole. Mhubiri alishika kipaza sauti akatusimulia maisha ya marehemu. Alisema alikuwa yatima wa Kibra, aliyeokotwa na familia ya wamisheni akifa njaa, akalishwa, akasomeshwa, kisha naye akatumia umri wake wote kuwalisha watoto wa wengine. Watu wakapiga makofi. Mjukuu wangu aliyenileta aliniinamia sikioni. "Habuba, tulia tu, wanamaliza saa hii," aliniambia, nadhani kwa sababu aliona jinsi nilivyoukamata mkongojo.

Kwetu Wanubi nyanya huitwa habuba, na siku hizi habuba ni mimi. Lakini ninayetaka kukusimulia, rafiki yangu, ni habuba mwingine, yule aliyetulea mimi na marehemu. Nilitulia pale msibani kwa heshima ya maiti. Hapa sina sababu ya kutulia.

Kibra ya utoto wangu usingeitambua. Babu alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, na serikali ya mkoloni iliwaambia wale askari wazee wakae msituni humo, ikawapa ruhusa ya kukaa lakini ardhi ikabaki yake. Nyumba zilikuwa mbalimbali, kila moja na mahindi yake, ng'ombe wake na mapera yake. Ukienda kuokota kuni unakutana na paa wanakukodolea macho, halafu wanatokomea. Asubuhi habuba alimimina uji mzito wa unga uliochachuka juu ya chuma cha moto, akautandaza mwembamba, akaubandua ukiwa kisra. Harufu yake ya uchachu ilitukuta tukifagia uwanja, na ufagio wenyewe ukaanza kwenda mbio. Tulikula na mchuzi wa bamia zilizokaushwa juu ya paa, tukakemewa tukibakiza. Maziwa yalikuwepo, kuku walikuwepo. Baba yangu naye alikuwa askari, yuko kambi ya kaskazini na mama kamfuata huko, na sisi tuliachwa kwa habuba kama ilivyokuwa desturi kwa nyumba nyingi za askari. Sasa niambie wewe, yatima gani ana baba, ana mama, na ana habuba wa kumkaripia amalize chakula?

Wale wamisheni tuliwaita Watu wa Maziwa. Ilikuwa familia nzima: bwana mrefu mwenye shingo nyekundu, mkewe ambaye tulimwita mama wa misheni, na binti zao wawili waliobeba mtungi na vikombe vya bati. Kila Jumamosi alasiri walikuja na gari la turubai mpaka uwanja wa Lindi, hapo hapo Kibra, wakatundika picha kubwa ya kitambaa, wakatufundisha nyimbo. Habuba alituruhusu kwenda kwa sababu mama wa misheni alikuwa na dawa nzuri ya macho, na Kibra ya wakati huo ilijaa nzi. Kuhusu nyimbo, habuba alisema waache waimbe, koo ni zao.

Mimi sikuwapenda hata kabla ya yote. Maziwa yalikuja kabla ya wimbo, na ulipaswa kuyanywa mbele yao, wote wanne wakikutazama mpaka chini ya kikombe, kisha mama wa misheni atabasamu na kusema "vizuri" kana kwamba yeye ndiye aliyekuumba. Tuliyanywa kwa sababu yana sukari, basi. Hakuna hata siku moja waliyofika nyumbani kwetu kuchungulia chungu. Walitukuta uwanjani na vumbi la michezo, wakakata shauri kwamba hivyo ndivyo tulivyo.

Mwaka huo, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, habuba aliniambia nimekua, nifunge. Usione ni jambo dogo. Hadi hapo nilikuwa nafunga nusu siku, adhuhuri napewa kisra kama watoto wadogo. Sasa nilikuwa naamshwa kula daku na wakubwa, na jioni nakaa mkekani kungoja adhana nikiwa sawa na wao. Sisi watoto tulikuwa na namna yetu ya kuthibitishana. Mtu akisema amefunga, anaambiwa atoe ulimi. Ulimi mkavu, mweupe, basi amefunga kweli. Ukiwa mwekundu umekula kwa siri, na utachekwa mpaka Idi.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kama mitano. Alitamani mno kutoa ulimi mweupe. Habuba hakumruhusu hata nusu siku, alimlisha asubuhi na mchana, na yule mtoto akishatoka jikoni anachovya kidole kwenye unga, anajipaka ulimini, anakuja mbio kutuonyesha. Tulijua wote, na tulimwacha kwa sababu alituchekesha.

Jumamosi ya kwanza ya mfungo Watu wa Maziwa walikuja kama kawaida. Mtungi ukapita na hakuna aliyenyoosha mkono. Mama wa misheni akauliza kwa nini, na mimi niliyekuwa mkubwa nikamjibu kwamba tumefunga. Neno alilijua vizuri. "Mtoto hapana funga," alisema. "Mtoto nakula." Nyuma yangu wenzangu walikuwa wanatoleana ndimi, kama tulivyozoea. Akazitazama. Akamwita mumewe azitazame. Kisha akamfikia mdogo wangu, naye kwa furaha ya kuulizwa alitoa ulimi wake mpaka kidevuni, mweupe kama karatasi, umepasuka unga ulipokauka. Yule mama alipiga magoti akaanza kulia.

Nimefikiria machozi yale kwa miaka mingi, na sijawahi kuyapenda. Alilia kwa dhati, hilo namwachia. Lakini mtu anayelia bila kuuliza ni mtu wa kuogopwa. Angemkwaruza mtoto ulimi kwa kidole angepata unga. Badala yake alimbeba garini, na nilipomng'ang'ania shati nikabebwa na mimi. Wengine walikimbia kumwita habuba. Alipofika uwanjani lilikuwa limebaki vumbi.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, juu ya mteremko upande wa Kawangware, imezungukwa na ng'ombe wanene. Tulioshwa, tukavishwa magauni ya binti zao, tukawekwa mezani mbele ya mayai na mkate. Mdogo wangu alikula, kwa nini asile? Hakuwa na saumu ya kuvunja. Mimi nilifumba mdomo. Bwana alijaribu kwa upole, mkewe akajaribu kwa kijiko, na mimi nikabana meno nikilitazama jua dirishani. Lilipozama nikanywa maji, nikala mkate. Wakashikana mikono wakaomba kwa shukrani, wakiamini wao ndio walionishinda.

Asubuhi habuba alifika kwa miguu kupitia msituni, amejifunga gurbaba, nguo yake ya kwenda msibani. Hakuketi kwenye kiti alichopewa. Alimwomba bwana amletee watoto wake, waende nyumbani.

Bwana alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko mkewe. Alimwambia habuba kwamba watoto wana ugonjwa wa njaa, na mdogo amekaribia kufa, ulimi wake ulikuwa mweupe wote. Habuba alimgeukia mdogo wangu akamwambia atoe ulimi. Ulikuwa mwekundu, safi.

"Uko wapi huo weupe?" habuba aliuliza.

"Kwa sababu sisi tumepatia yeye chakula," mama wa misheni alimjibu.

Habuba alieleza taratibu. Alisema ni unga, ni mchezo wa watoto, hata huko kwenu watoto wenu wanacheza. Wale wawili walitazamana. Bwana akasema anasikitika kusikia mtu mzima akidanganya mbele ya watoto. Kisha akakata hukumu yake: mimi ningeweza kurudi, nilikuwa na moyo mgumu, lakini mdogo atabaki mpaka apate nguvu. Na kama habuba angeleta fujo, yeye angezungumza na afisa anayeshughulikia ruhusa za Kibra, amweleze jinsi wajane wa askari wanavyowatesa watoto.

Hapo habuba alirudi nyuma hatua moja. Ruhusa yetu ilikuwa ya babu, na babu alikuwa amekufa. Tulikaa Kibra kwa sababu hakuna aliyekuwa ametutazama kwa makini. Neno moja la mzungu lingetosha kututoa sote nje, habuba na shangazi na watoto wao. Mdogo wangu alikuwa mapajani kwa binti mmojawapo, kidevu kina yai, anachezea vifungo vya gauni. Hakulia tulipoondoka. Habuba alinishika mkono tukashuka mteremko, tukavuka mto.

Nimewachukia tangu siku ile na sioni haya kusema. Najua walisomesha watu, najua walitibu macho. Mtu anaweza kukutibu macho na bado akawa mwizi.

Habuba alirudi kule kila wiki. Akaambiwa mtoto amelala. Akaambiwa yuko darasani. Baadaye akaambiwa amepelekwa bweni la misheni huko milimani, hewa yake ni nzuri. Mama alikuja kutoka kaskazini akalia kwenye lango lao mpaka mtunza bustani akamwonea huruma akamletea kiti. Wazee wa Kibra walisema tuvumilie, serikali inatafuta kisingizio cha kupunguza watu, tusiipe. Halafu vita vya Hitla vikaja, baba akapelekwa mbali asirudi, na mambo ya mtoto mmoja aliyekula vizuri na kuvaa viatu yakawa si kitu cha kumpelekea mtu yeyote.

Mdogo wangu alirudi mwenyewe akiwa msichana mzima, miaka ya hali ya hatari, kabla ya uhuru. Kumbe walikuwa wamemweleza anakotoka, kwa namna yao. Alikuwa sasa ndiye mwalimu wa watoto wa misheni pale Kawangware, na alikuja mchana na wanafunzi wake wadogo, kuwafundisha kutembelea wazee na wasiojiweza. Nilimtambua kwa mwendo, alitembea kama mama. Blauzi nyeupe, viatu vyeusi, kikapu mkononi. Kinubi kilikuwa kimemtoka chote.

"Hujambo, nyanya," alimwambia habuba. "Mimi ndiye yule mtoto."

Habuba alikuwa mkekani, amezeeka, macho yake hayaoni vizuri. Alimshika uso kwa mikono miwili, akaushika muda mrefu. Mdogo wangu alivumilia kwa adabu, kisha akafungua kikapu akatoa mkate wa siagi, akamega kipande, akakiweka kiganjani mwa habuba. Wale watoto walisogea kutazama.

Ilikuwa Ramadhani. Bweni la milimani halikuwa limemfundisha kuutazama mwezi. Habuba, tangu nimjue, hakuwahi kula siku hata moja ya mfungo ila kwa ugonjwa. Nilifungua mdomo nimwambie mdogo wangu, na habuba akanigeukia na yale macho yake yasiyoona akasema kwa Kinubi, "Usimwaibishe." Kisha akapeleka mkate mdomoni.

Alitafuna polepole. Kinywa kilikuwa kikavu na mkate ulimkwama, ikabidi niende kumletea maji, nikamshikia kikombe mwenyewe. Akala kipande kile, akapewa kingine, akala na hicho. Mdogo wangu alikuwa anafurahi kweli. Aliwageukia wanafunzi wake.

"Mnaona?" aliwaambia. "Alikuwa na njaa."

Habuba alikubali kwa kichwa. "Nilikuwa na njaa sana, mwanangu," alisema.

Siku ile aliilipa kwa kufunga baada ya Idi, na hakuniruhusu kuisema maisha yake yote. Mdogo wangu alikuwa akija mara moja moja, kila mara na kikapu, akaishi Kawangware akilisha watoto na kuwasimulia jinsi alivyookolewa. Msitu umekwisha, paa wamekwisha, pale palipokuwa na mahindi yetu pana vyumba vya kupanga vinavyogusana paa kwa paa. Habuba alikufa, na sasa amekufa na mdogo wangu, na nimebaki mimi peke yangu ninayejua kwamba Jumamosi ile walipotubeba, nyumbani kwetu chakula kilikuwepo, kimeiva, kimefunikwa, kinangoja jua lizame.